Masanduku Kumi na Moja ya Wabunge wa Shikoku

Naanza na kosa, kwa sababu nawajua. Mkiona mtu mzima anaanza kwa kujisifu, mnashika simu zenu. Basi sikilizeni: nilisimama nje ya mlango wa forodha pale uwanja wa ndege wa Dulles, mkononi nina karatasi ya faksi, nikawazuia wabunge wanne wa Japani wasiondoke kwa sababu masanduku yao manne yalikuwa hayajaonekana. Yalikuwa yametoka saba. Karatasi yangu ilionyesha kumi na moja. Nikamfuata dada wa shirika la ndege, nikamsema kidogo, nikamjazisha fomu. Wabunge walisimama wima karibu saa nzima, baada ya safari ya nusu ya dunia, bila hata mmoja kunung'unika. Masanduku yale manne hayajapatikana mpaka leo, kwa sababu hayakuwahi kuwapo.

Karatasi ilikuwa na majina manne, na mbele ya kila jina kulikuwa na namba. Nne, tatu, tatu, moja. Kichwa cha safu ile kilikuwa kimekatwa na mashine yetu ya faksi, ambayo ilikuwa na tabia ya kumeza ncha ya juu ya kila karatasi. Kwa dereva, namba mbele ya jina la mgeni ni mizigo. Sikuwaza mara mbili. Nilijumlisha nikapata kumi na moja, na mimi nikishajumlisha huwa sirudi nyuma, hata mume wangu atawaambia.

Msaidizi wao, Bwana Tamura, ndiye angeniokoa, lakini alikuwa amezuiwa ndani na wakaguzi wa mimea kwa sababu ya boksi la peremende za maganda ya machungwa, zawadi walizobeba kutoka kwao. Alipotoka, akaitazama karatasi yangu, akainama kidogo, akasema, "Labda twende tu." Hakueleza chochote. Alikuwa mtu wa adabu mno, na adabu ile ilinigharimu siku mbili nzima.

Jina langu Salome. Wengi wenu mnaniita Mama Neema. Nimezaliwa Mpwapwa, na kwa miaka kumi na tisa niliendesha wageni rasmi katika mji mkuu huu wa Marekani na vitongoji vyake, mpaka goti la kulia likagoma. Kabla ya hapo nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa huku Hyattsville. Ni kazi ya heshima, na wengi wa mama zenu wanaifanya hadi leo, lakini mgongo wangu ulikwisha kwa kunyanyua watu wazima kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi bafuni. Daktari aliniambia nichague kazi nyingine au nichague fimbo ya kutembelea.

Ndipo nikaenda kwa Mzee Hamidu. Huyu alikuwa mtu wa Tanga, mwenye kampuni ndogo ya magari ya wageni kule Rockville, ofisi ya vyumba viwili nyuma ya duka la mazulia. Alikuwa na mabasi madogo matatu na magari mawili ya kawaida. Hakuwa ameajiri mwanamke kwenye usukani hata mara moja. Alinipa miezi mitatu ya majaribio, na wabunge wa Shikoku walifika wiki ya mwisho ya miezi hiyo. Mwishoni mwa wiki ile ningepata mkataba, au ningerudi Hyattsville kuvunja mgongo uliobaki.

Nataka mjue kwanza tulifanyaje kazi siku zile, mwishoni mwa miaka ya tisini, maana mjukuu wangu ananisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu, "Bibi, the phone knows." Simu haikujua kitu wakati ule. Tulikuwa na peja kiunoni, sarafu mfukoni kwa ajili ya simu za barabarani, na kitabu cha ramani kinene ambacho kurasa zake za katikati zilikuwa zimeng'oka. Peja ikilia, unatafuta pa kuegesha, unatafuta simu, unapiga ofisini, na Mutiso, mpanga safari wetu, anakwambia mgeni amebadili mawazo.

Mzee Hamidu alinifundisha mambo ambayo simu haitawafundisha. Njia ya kesho ipitie leo, tena saa ileile, kwa sababu barabara ya saa nne asubuhi si ile ya saa mbili. Egesha gari pua ikitazama nje. Jua choo kilipo kabla mgeni hajauliza, maana mgeni mkubwa hataki kuuliza. Usijipake manukato. Usitie redio mpaka uombwe. Mwavuli ukae mlangoni, si kwenye buti. Na kabla ya mgeni yeyote kuingia, ujue nani anakaa wapi, kwa sababu huko nyuma ya gari ndiko watu wakubwa wanakovunjiwa heshima.

"Mmarekani mkubwa huwekwa nyuma kulia, karibu na mlango," aliniambia. "Mjapani mkubwa muweke nyuma ya dereva. Mdogo wao hukaa mbele, kando yako, ashike ramani. Umesikia, dada yangu?"

Nilisikia. Kiti nilikijua vizuri sana. Mtu wa kukikalia ndiye sikumjua.

Siku ile ya masanduku, tulipofika kwenye gari, nilifungua mlango na kuwatazama wale wanne. Wawili walikuwa wanene, wa umri mmoja, wamevaa suti za rangi moja, na kila mmoja akiongea mwenzake alitikisa kichwa kukubali. Niliwaita Mapacha moyoni mwangu, na sina zaidi la kusema juu yao. Wa tatu alikuwa kijana wa miaka arobaini na kitu, nywele nyeusi, Kiingereza kizuri, kwani alisoma chuo hapa Marekani. Huyo nilimwita Mheshimiwa Kijana. Wa nne alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe kabisa na mikono ya mkulima. Peremende zile za maganda zilitoka kwenye miti yake mwenyewe, kwa hiyo akawa Mzee wa Machungwa.

Nyie mngemkaribisha nani kwanza? Mimi nimelelewa Mpwapwa. Nilimkaribisha mzee, kwa mikono miwili, nikamwonyesha kiti cha nyuma yangu. Mzee alirudi hatua moja. Akanyoosha kiganja kuwaonyesha wengine wapite. Kwetu mzee akikataa kiti anakuonyesha adabu, na adabu yako wewe ni kumsihi. Nikamsihi. Akakataa tena. Nikamshika kiwiko, taratibu, kama nilivyozoea kuwashika wazee wangu wa Hyattsville, nikamkalisha. Mapacha walitazama viatu vyao. Mheshimiwa Kijana alipita akakaa nyuma kabisa, kwenye safu ya mwisho, magoti yamegusa kidevu. Njia nzima mpaka hotelini Herndon hakuna aliyesema neno. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Hotelini Bwana Tamura alinivuta pembeni. "Tafadhali," akasema, "kesho utazame orodha tena."

Nikaitazama orodha nyumbani, mstari kwa mstari. Majina yalikuwa sawa. Nikajifunza kuyatamka vizuri mbele ya kioo, mume wangu akicheka. Asubuhi ya Jumanne nikawasalimia mmoja mmoja kwa jina, nikijisikia mtu wa maana, kisha nikamshika tena mzee kiwiko nikamkalisha palepale.

Kitu kimoja nilikiona siku hiyo. Mchana, tulipokuwa tunatoka kwenye ofisi moja mjini, mzee aliwahi kufika kwenye gari kabla yangu. Alisimama kando ya mlango uliokuwa wazi, mkono wake wa kulia ameuweka juu, chini ya fremu ya mlango, kiganja kikitazama chini, huku Mheshimiwa Kijana akiingia. Nikadhani mzee amechoka, anaegemea. Nikamwahi nikamsaidia kuingia.

Jumatano nilipoingia ofisini, Mutiso alikuwa ananisubiri mlangoni. Mutiso alikuwa mtu wa Machakos, ndiye aliyepanga safari zetu zote, na uso wake haukujua kuficha habari.

"Mathe, uko kwa shida," akasema. "Wajapani wame-call. Kuna mgeni hayuko comfortable na vile una-arrange viti. Mzee Hamidu ameniambia nikae standby na gari yako Friday."

"Mgeni gani?"

"Hawakusema. Wale hawasemangi."

Mzee Hamidu alikuwa mezani kwake na kikombe cha kahawa chungu. Hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Sikiza, dada yangu. Watu hawa hawalalamiki. Wakilalamika, ujue wameshavumilia mara mbili. Wakirudi kwao wakasema vizuri, tutapewa wageni wengine wa kwao. Wakisema vibaya, basi. Ijumaa utanipa funguo, au mimi nitakupa mkataba. Nataka uchague mwenyewe."

"Nimewakosea nini?"

"Ungejua usingefanya. Nenda kaulize."

Nilikaa kwenye gari dakika chache kabla ya kuondoka. Niliogopa, sitawaficha. Niliona vitanda vya Hyattsville vimepangwa mstari. Nilijisikia pia nimeonewa, kwa sababu nilikuwa nimempa mzee heshima yote niliyokuwa nayo, na nilikuwa na hakika yule Kijana wa nywele nyeusi ndiye aliyelalamika. Nilimwona mtoto asiye na malezi.

Nilimkuta Bwana Tamura anakunywa chai peke yake kwenye ukumbi wa hoteli; siku hiyo wabunge walikuwa na mikutano yao humohumo. Nikakaa mbele yake bila kukaribishwa.

"Bwana Tamura," nikamwambia, "mimi si mtu wa kuelewa kwa kudokezwa. Niambie kosa langu kama unavyomwambia mtoto."

Nilimwona anapambana na adabu yake. Kisha akatoa kalamu, akaomba ile faksi yangu, na juu ya ile safu ya namba, pale ambapo kichwa kilimezwa na mashine, akaandika: idadi ya mara alizochaguliwa.

Nikaitazama. Nne, tatu, tatu, moja.

"Masanduku," nikasema.

"Ndiyo," akasema Bwana Tamura. "Nilijua. Samahani."

Kwenye bunge la kwao, alinieleza, hawapimi ukubwa kwa umri. Wanapima kwa mara ngapi watu wamekuchagua. Aliyechaguliwa mara nne humtangulia aliyechaguliwa mara tatu, hata kama ni mdogo kwake kwa miaka ishirini. Ndivyo wanavyoingia mlangoni, ndivyo wanavyokaa mezani, ndivyo wanavyopigwa picha. Mheshimiwa Kijana alikuwa nne. Alishika jimbo la baba yake baba alipofariki. Mzee wa Machungwa, na nywele zake zote nyeupe, alikuwa moja.

Na hata hiyo moja ilikuwa na walakini. Shikoku ni kisiwa chenye mikoa minne. Kila mkoa una majimbo yake, na kila jimbo hutoa mbunge mmoja. Lakini mfumo ulikuwa umebadilishwa, na sasa kisiwa kizima kilikuwa pia na viti vya orodha, ambavyo vyama hugawana kwa hesabu ya kura. Mtu aliweza kugombea jimbo na kuandikwa kwenye orodha ya chama chake wakati huohuo. Akishindwa jimboni, orodha inaweza kumwokota. Nikamwambia Bwana Tamura kwamba sisi Tanzania tuna wabunge wa viti maalumu, ambavyo si kitu hichohicho, lakini najua jinsi mbunge wa jimbo anavyoweza kumtazama mwenziwe ambaye hakupigiwa kura jimboni.

"Basi umeelewa," akasema. "Mzee alishindwa jimboni. Aliingia kwa orodha."

"Alishindwa na nani?"

Bwana Tamura alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Na yule uliyemkalisha nyuma kabisa, magoti kidevuni."

Wanangu, nilitamani sakafu ya hoteli ifunguke. Siku mbili nilikuwa nimemshika kiwiko mshindwa na kumkalisha juu ya mshindi, mbele ya wenzao.

Alhamisi niligawana wageni na Mutiso. Bwana Tamura na Mapacha walikuwa na mkutano wao mjini. Mimi nilibaki na hao wawili, Kijana na Mzee, kwa sababu wote walitoka jimbo moja na wote walitaka kuonana na mhandisi wa daraja. Kisiwa chao kilikuwa kinaunganishwa na bara kwa madaraja makubwa miaka ileile, na walikuja kuuliza jinsi watu wa huku wanavyotunza la kwao. Hili la kwetu lilikuwa lile daraja la zamani la kuvuka mto Potomac upande wa kusini, kabla hawajajenga hayo mawili mnayopita leo. Lilikuwa linafunguka katikati kupisha vyombo mtoni, na likifunguka mchana, nusu ya Maryland na nusu ya Virginia walisimama.

Asubuhi pale Herndon nilisimama na orodha yangu, safari hii nikiwa na akili. Nikamwinamia Mheshimiwa Kijana, nikamwonyesha kiti cha nyuma yangu. Akaingia. Kisha nikamwonyesha mzee kiti cha kando ya mwenzake. Mzee akatikisa kichwa. Akazunguka gari, akafungua mwenyewe mlango wa mbele, akaketi kando yangu, akafunga mkanda, akakichukua kitabu changu cha ramani na kukifungua kwenye ukurasa wa Potomac. Hakuuliza ni ukurasa gani. Aliutafuta akaupata.

Tulifika darajani likiwa limeshaanza kufunguka. Magari yakasimama mbele yetu, yakajaa nyuma yetu. Nilizima injini. Wageni wangu walikuja kuliona daraja, na waliliona, saa nzima na robo.

Mzee alikuwa ananitazama mikono. Baadaye akajigusa kifua. "Driver," akasema kwa Kiingereza chake kichache. Akashika usukani wa hewani, akapinda kona. "Me. Driver."

Nilitabasamu nikidhani ananifariji. Kisha nikakumbuka Ijumaa, nikaona sina cha kupoteza. Nikamwangalia Mheshimiwa Kijana kwenye kioo.

"Naomba umwulize mzee kitu kwa niaba yangu," nikamwambia. "Umwambie nisamehewe kwa siku zile mbili. Nawe nakuomba radhi. Ulikuwa na haki ya kulalamika."

"Mimi sikulalamika," akasema.

"Kama si wewe, ni nani?"

Aliinua mabega, akamwuliza mzee kwa Kijapani. Mzee alijibu kwa muda mrefu, macho kwenye daraja, kidole bado kiko kwenye ramani. Kijana akaanza kutafsiri kwa sauti ya karani anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Anasema ni yeye aliyelalamika."

Nikageuka nikamtazama mzee. Aliinamisha kichwa.

"Anasema alikuwa dereva wa baba yangu kwa miaka ishirini na miwili. Dereva kwanza, baadaye katibu, lakini usukani hakuuacha. Anasema kila asubuhi alifungua mlango wa kiti hiki nilichokaa mimi, baba akaingia." Alitazama miguu yake mwenyewe. "Anasema siku nyingine alinipitisha shule. Nilikaa hapahapa. Miguu yangu ilikuwa haifiki chini."

Mzee aliendelea kuongea, polepole, akimpa nafasi ya kutafsiri.

"Anasema ulipomkalisha hapa, aliona aibu mbele ya marehemu. Hakuweza kukueleza, na hakutaka kukuvunjia heshima kwa kusimama. Akamwomba Tamura akuelekeze. Alimwambia mara mbili kwamba uelekezwe, usifukuzwe." Kijana aliinua macho kwenye kioo. "Kuna mtu anataka kukufukuza?"

"Ijumaa," nikasema.

Alilitafsiri hilo. Mzee aliguna kwa mshangao, akanigusa mkono juu ya usukani, mara moja tu, akauondoa.

Nikamwomba Kijana amweleze kwamba kwetu mwenye mvi ndiye hukaribishwa kwanza, kwamba sikujua kuhesabu chaguzi, na kwamba zile namba nilidhani ni masanduku. Kijana alipofika kwenye masanduku alishindwa kumaliza. Mzee alicheka mpaka akatoa leso. Ndiyo mara ya kwanza niliwasikia wanacheka wakati mmoja, na kwa jinsi walivyotazamana baadaye, nadhani na wao walikuwa hawajasikia kwa muda mrefu.

Kisha Kijana alimwuliza mzee jambo ambalo mimi sikulituma. Lilikuwa fupi. Jibu pia lilikuwa fupi. Mimi si mtu wa kubaki nje ya mazungumzo, nikauliza wanasema nini.

Kijana alisogea mbele. "Nimemwuliza, kama ni hivyo, kwa nini aligombea dhidi yangu."

"Na yeye?"

"Anasema baba alipofariki alirudi kwao kulima, wala hakuwaza siasa. Wakulima wenzake ndio waliomtuma, naye akakubali. Anasema kura mtu yeyote anaweza kuziomba, naye aliziomba hadharani, nikamshinda. Pale alipokaa baba hakuwahi kupaomba." Alitazama nje, kwenye safu ya malori. "Miaka yote hii nilidhani ndipo alipopataka. Wakati wa kampeni nilisema hivyo jukwaani. Nilisema dereva wa baba yangu anataka kukalia kiti cha baba yangu. Watu walicheka sana."

Hakulitafsiri hilo, na mzee hakuhitaji kutafsiriwa. Alikuwepo siku yaliposemwa.

Daraja lilifungwa, magari yakaanza kusogea. Mzee alinielekeza kwa kidole kwenye ramani njia nzima upande wa Maryland, bila kukosea mara moja. Tulichelewa, lakini mhandisi naye alichelewa. Alikuwa amekwama kwenye foleni ileile, upande wa pili.

Nikiwafundisha madereva wapya, hapa huwa wananiuliza somo ni lipi. Wanataka niwaambie mgeni wa nchi gani akae wapi. Hayo yapo kwenye vitabu. Mimi nawaambia waulize. Nilimpa yule mzee heshima ya kwetu bila kumwuliza kama inamtosha mwilini, na nilikuwa najivuna nilipokuwa ninamuumiza. Katika miezi mitatu ile nilikuwa nimejifunza barabara zote za mji, na sikuwa nimejifunza kunyamaza nikamtazama mtu anafanya nini na mikono yake.

Ijumaa asubuhi nilifika Herndon mapema. Mzee Hamidu alikuwa ameshafika, ameegemea gari lake ng'ambo ya maegesho, mikono kifuani. Mutiso alikuwa ndani ya gari lile, tayari kuchukua funguo zangu kama ingebidi. Masanduku saba nilishayapakia. Niliyahesabu mara moja tu.

Wageni walitoka. Nilisimama kando ya mlango wa pembeni, orodha mkononi, nikamwinamia Mheshimiwa Kijana aingie wa kwanza. Hakuingia. Alipita mbele yangu, akazunguka pua ya gari, akaenda kwenye mlango wa mbele, pale ambapo kwa utaratibu angekaa Bwana Tamura na ramani. Akaufungua. Kisha akainua mkono wake wa kulia, akauweka chini ya fremu ya mlango, kiganja kikitazama chini, kichwa cha anayeingia kisigonge. Akasubiri.

Mapacha walisimama. Bwana Tamura, bila kuambiwa, alikwenda akakaa safu ya mwisho, magoti kidevuni. Mzee wa Machungwa alibaki pale kwenye ngazi ya hoteli na mkoba wake, akiutazama ule mkono. Nilidhani atakataa, na safari hii sikumsihi. Mwishowe alitembea, akainama, akapita chini ya kiganja kile, akaketi kiti cha mbele. Kijana alifunga mlango polepole mpaka ukabana. Ndipo akarudi, akaingia nyuma yangu, mahali pa baba yake, na Mapacha wakafuata, tatu na tatu.

Ng'ambo ya maegesho Mzee Hamidu alikuwa ameshusha mikono. Nilipopita na gari aliniinulia kidole kimoja, kisha akamwambia Mutiso kitu, Mutiso akacheka akaegemea kiti chake. Funguo zile nilikaa nazo miaka kumi na tisa.

Mzee wa Machungwa alikuwa ameshafungua ramani, ingawa njia ya kutoka Herndon mpaka Dulles hata mtoto anaijua. Nilimwacha anielekeze. Kila nilipotazama kioo nilimwona Kijana amekaa wima, miguu yake imefika chini vizuri, na ule mkono wa kulia ameulaza gotini. Namna ile ya kuuweka mlangoni hawaifundishi chuoni, na si kazi ya mbunge wa mara nne kuijua. Alikuwa ameiona asubuhi zile za shule.